Alexandre Dumas mwana: Mtoto wa nje ya ndoa aliyewashitaki akina baba jukwaani

USIKU wa Februari 2, 1852, watazamaji waliofurika katika ukumbi wa Théâtre du Vaudeville jijini Paris, Ufaransa, walimtazama mwanamke mmoja akifa jukwaani kwa ugonjwa wa kifua kikuu, na wengi wao walitoka nje wakiwa na macho mekundu. Mchezo huo ulikuwa umekataliwa na wakaguzi wa serikali. Mtunzi wake alikuwa kijana wa miaka 27, na mwanamke aliyeombolezwa usiku ule hakuwa wa kubuniwa. Alikuwa amefariki dunia katika jiji hilo hilo miaka mitano kasoro siku moja kabla.

Inasimuliwa kwamba kijana huyo alimpelekea baba yake taarifa ya simu ya maandishi mjini Brussels, Ubelgiji, akimweleza kuwa shangwe ilikuwa kubwa kiasi cha kumfanya adhani ulioonyeshwa ni mchezo wa baba na si wake. Baba, ambaye wakati huo alikuwa amekimbilia Brussels kuwakwepa wadai wake, alimjibu kwamba katika kazi zote alizowahi kuzitoa, iliyo bora kuliko zote ni yeye mwanawe.

Yalikuwa maneno matamu. Lakini yalitoka kwa mtu ambaye kwa karibu miaka saba ya mwanzo wa maisha ya kijana yule, mbele ya sheria za Ufaransa, hakuwa baba yake.

Majina yao yanafanana, na jambo hilo huwachanganya wasomaji hadi leo. Baba ni Alexandre Dumas, mwandishi wa riwaya mashuhuri za The Three Musketeers na The Count of Monte Cristo, kama zinavyojulikana zaidi katika nchi zetu. Mtoto naye ni Alexandre Dumas, na ili kuwatofautisha Wafaransa humwita wa kwanza Dumas baba na wa pili Dumas mwana. Baba anakumbukwa zaidi kwa riwaya. Mwana ndiye aliyekuwa mmoja wa watunzi wa tamthilia waliotawala majukwaa ya Paris kwa zaidi ya miaka 30 ya nusu ya pili ya karne ya 19.

Jina lenyewe la Dumas lina historia inayofaa kuelezwa kabla ya mengine, kwa kuwa bila hiyo ni vigumu kumwelewa mtu huyu. Katika kisiwa cha Saint-Domingue, sehemu ambayo leo ni Haiti, aliishi mwanamke mtumwa mwenye asili ya Afrika aliyeitwa Marie-Cessette Dumas. Alizaa na bwana wake, kabaila wa Kifaransa aliyeitwa Antoine Davy de la Pailleterie, mtoto wa kiume mwaka 1762. Kabaila huyo alimpeleka kijana Ufaransa mwaka 1776. Mwaka 1786 kijana alipotaka kujiunga na jeshi akiwa askari wa kawaida, baba hakutaka jina la ukoo wake litumike katika cheo duni kama kile. Kijana akajiandikisha kwa jina la mama yake mtumwa.

Miaka saba baadaye alikuwa jenerali. Huyo ndiye Jenerali Thomas-Alexandre Dumas, aliyefuatana na Napoleon Bonaparte kwenda Misri mwaka 1798 na baadaye kufungwa gerezani nchini Italia. Alifariki dunia mwaka 1806, akimwacha mtoto wa kiume ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka minne. Mtoto huyo ndiye Dumas baba.

Kwa hiyo jina ambalo Dumas mwana angekuja kulipata kwa karatasi ya serikali, na ambalo Ufaransa nzima ililiheshimu, halikuwa jina la mwanamume. Lilikuwa la bibi yake mzaa babu, mwanamke aliyekuwa mali ya mtu mwingine.

Dumas baba aliwasili Paris mwaka 1823 akiwa na umri wa miaka 20, bila fedha, na akapata kazi ya ukarani katika ofisi ya Mtawala wa Orléans kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Katika jengo alilopanga aliishi pia mshonaji nguo aliyeitwa Marie-Catherine Labay, mwanamke aliyemzidi umri kwa miaka minane, mtulivu na mchapakazi. Julai 27, 1824 mama huyo alijifungua mtoto wa kiume. Wazazi hawakuwa wamefunga ndoa na hawakuifunga kamwe.

Sheria ya Madai ya Ufaransa ya mwaka 1804, iliyotungwa chini ya Napoleon, ilikuwa wazi kuhusu watoto wa aina hiyo. Ilipiga marufuku kumtafuta baba mahakamani. Mwanamume angeweza kumtambua mtoto kwa hiari yake, lakini asipopenda hakuna hakimu ambaye angemlazimisha, hata kama mtaa mzima ulijua. Mzigo wote ulibaki kwa mama. Waliotunga sheria hiyo walidai kwamba wanazilinda familia dhidi ya kashfa na madai ya uongo, na bila shaka waliokuwa wakilindwa hasa walikuwa wanaume wenye mali.

Mtoto alilelewa na mama yake, katikati ya vitambaa na sindano. Baba alikuwa akija na kutoka. Mwaka 1829 mchezo wake wa Henri III et sa cour ulipoonyeshwa katika ukumbi wa Comédie-Française, karani yule akageuka kuwa mtu mashuhuri kwa usiku mmoja, na wanawake wengine wakaingia katika maisha yake. Mmoja wao alimzalia binti mapema mwaka 1831.

Machi 1831 Dumas baba alikwenda mbele ya msajili na kumtambua mwanawe. Mtu angedhani kuwa hiyo ilikuwa siku ya furaha. Kumbe ndiyo iliyofungua mlango wa maumivu, kwa sababu baba aliyemtambua mtoto alikuwa na haki ya kumchukua, na yeye aliamua kuitumia. Mama naye alikwenda haraka kumtambua mtoto kisheria, lakini alikuwa amechelewa. Shauri lilifika mahakamani na mahakama ikampa baba. Mtoto wa miaka saba, ambaye hakuwahi kulala mbali na mama yake, alitolewa mikononi mwake na kupelekwa shule ya bweni.

Mei 3 mwaka huo huo wa 1831, Dumas baba aliwaliza watazamaji wa Paris kwa mchezo mpya ulioitwa Antony. Mhusika mkuu wa mchezo huo ni mwanamume asiyejua wazazi wake, anayeteswa na jamii kwa kuwa amezaliwa nje ya ndoa.

Katika shule ya bweni ya Prosper Goubaux, ambako wanafunzi wengi walikuwa watoto wa familia zenye uwezo, haikuchukua muda wenzake kugundua kwamba mama yake ni mshonaji na hana mume. Walimtania, wakamtenga, wakamsumbua hata usiku asilale. Aliyabeba mambo hayo moyoni kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kuyaandika. Riwaya yake ya L'Affaire Clemenceau, yaani Shauri la Clemenceau, iliyotoka mwaka 1866, inaeleza mateso ya mtoto wa namna hiyo shuleni kwa undani ambao haubuniwi na mtu asiyeyaonja. Alipokuwa mzee bado aliyazungumzia kama mambo ya jana.

Akiwa kijana wa miaka 18 alihamia katika maisha ya baba yake, na maisha hayo yalikuwa karamu isiyokwisha. Dumas baba alipata fedha nyingi kwa kalamu yake na alizitumia zote, na zaidi ya zote. Alijenga jumba la fahari nje ya Paris na kuliita Monte-Cristo, akafungua ukumbi wake wa michezo, na vyote viwili vikamponyoka ndani ya miaka michache. Mwana aliiga mtindo huo bila kuwa na kipato cha kuuendesha, na kabla ya kutimiza miaka 21 alikuwa na madeni makubwa.

Ni katika kipindi hicho, Septemba 1844, alipokutana na Marie Duplessis.

Jina lake halisi lilikuwa Alphonsine Plessis. Alizaliwa Januari 15, 1824 katika kijiji cha Nonant, mkoani Normandy, baba yake akiwa mchuuzi. Alifika Paris akiwa msichana mdogo, akafanya kazi za mikono, na kabla ya kufikisha miaka 20 alikuwa miongoni mwa wanawake waliotunzwa na matajiri na makabaila wa jiji hilo. Alijifunza mwenyewe kusoma na kuzungumza kama watu wa tabaka la juu, akawa na maktaba yake, akajiongezea kipande cha jina kilichomfanya aonekane wa ukoo. Alipenda maua ya kamelia, ambayo hayana harufu. Na alikuwa na kifua kikuu.

Wawili hao walikuwa wa umri mmoja, waliozaliwa mwaka mmoja, kila mmoja akiwa na kasoro yake kuhusu jina. Uhusiano ulidumu takriban miezi 11. Agosti 30, 1845 Dumas mwana alimwandikia barua ya kuagana. Hakuwa na fedha za kumtunza, na hakuwa tayari kuishi kwa fedha za wanaume wengine waliomtunza. Barua hiyo aliinunua tena miaka mingi baadaye na kuitoa zawadi kwa mwigizaji Sarah Bernhardt mwaka 1884.

Mwishoni mwa mwaka 1846 aliondoka na baba yake kwa safari ya Hispania na Afrika Kaskazini. Akiwa safarini, Februari 3, 1847, Marie alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 23. Mali zake zilipigwa mnada kulipa madeni, na watu wa heshima wa Paris, pamoja na wake zao, walimiminika kuona kitanda na vioo vya mwanamke ambaye wasingemsalimia barabarani. Mwandishi wa Uingereza, Charles Dickens, alikuwa Paris wakati huo na alishangazwa na msisimko uliozunguka mnada ule.

Dumas mwana alirudi na kukuta kila kitu kimekwisha. Mwaka huo huo alijifungia katika nyumba ya wageni mjini Saint-Germain-en-Laye na kuandika riwaya kwa muda wa wiki chache. Ilitoka mwaka 1848 kwa jina la La Dame aux camélias, yaani Bibi wa Maua ya Kamelia. Mwaka uliofuata aliigeuza kuwa tamthilia kwa siku zipatazo nane. Alipomsomea baba yake, mzee alilia machozi na kuahidi kuionyesha katika ukumbi wake mwenyewe, lakini ukumbi ukafilisika mwaka 1850. Walipopata ukumbi mwingine, wakaguzi wa serikali waliukataa mchezo kwa madai kwamba unapotosha maadili.

Mlango ulifunguliwa na siasa. Desemba 2, 1851 Louis-Napoléon Bonaparte alifanya mapinduzi, na ndugu yake wa mama mmoja, Charles de Morny, akawa waziri wa mambo ya ndani. Morny aliruhusu mchezo uonyeshwe. Naye pia, kama ilivyotokea, alikuwa mtoto wa nje ya ndoa.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuisimulia. Marguerite Gautier, mwanamke anayeishi kwa fedha za matajiri, anampenda kwa dhati kijana Armand Duval na kuacha maisha yake ya zamani. Baba wa kijana anamwendea kwa siri na kumsihi amwache mwanawe, kwa kuwa uhusiano huo unatishia ndoa ya binti yake. Marguerite anakubali, anajifanya hampendi tena, anadharauliwa, kisha anakufa baada ya Armand kuujua ukweli.

Upya wake ulikuwa mahali pengine. Kizazi cha Dumas baba na Victor Hugo kilikuwa kimewazoesha watazamaji wafalme, mapanga na sumu za karne zilizopita. Hapa waliwaona watu waliovaa nguo kama zao, wakizungumzia madeni, kodi ya nyumba na bei ya farasi. Waliona fedha ikiamua nani apendwe na nani aachwe.

Hata hivyo, ukiulinganisha mchezo na maisha, kuna jambo moja lisilolingana ambalo si la kupita kimya. Jukwaani mwanamke ndiye anayejitoa mhanga ili kuokoa heshima ya familia ya mwanamume. Maishani, aliyeondoka alikuwa mwanamume, na hakuna baba aliyekuja kusihi chochote. Mwandishi alimpa marehemu utukufu ambao haukumgharimu yeye kitu.

Mtunzi wa muziki wa Italia, Giuseppe Verdi, alikuwa Paris mapema mwaka huo wa 1852. Machi 6, 1853 opera yake ya La traviata, iliyotokana na mchezo huo, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Venice. Marguerite alikuwa amegeuka Violetta, na wakuu wa ukumbi walikuwa wamerudisha hadithi nyuma hadi karibu mwaka 1700 ili isifanane mno na mambo ya siku zile. Onyesho la kwanza halikufana. Mwaka uliofuata lilirudiwa likiwa na marekebisho na likapokewa kwa shangwe, na tangu hapo opera hiyo ni miongoni mwa zinazoimbwa zaidi duniani. Nchini Uingereza mkaguzi wa serikali aliukatalia mchezo wenyewe kwa miaka mingi huku opera ikiruhusiwa, kana kwamba dhambi ikiimbwa kwa Kiitaliano hupungua uzito. Baadaye ilikuja zamu ya sinema, na Greta Garbo aliigiza nafasi ya Marguerite mwaka 1936.

Mafanikio hayo yangetosha kumweka Dumas mwana katika vitabu vya historia, na kwa wasomaji wengi wa leo habari zake huishia hapo. Yeye mwenyewe aliona ndiyo kwanza anaanza.

Mwaka 1855 aliandika Le Demi-Monde, mchezo uliowapa Wafaransa neno jipya kwa ajili ya wanawake waliotupwa nje ya jamii ya heshima lakini wasiokubali kuonekana wametupwa. Mwaka 1857 aliandika kuhusu fedha na walanguzi wa soko la hisa. Januari 1858, katika ukumbi wa Gymnase, alitoa mchezo aliokuwa ameubeba tangu utotoni: Le Fils naturel, yaani Mtoto wa Nje ya Ndoa.

Ndani yake kuna msichana wa kazi za mikono, Clara Vignot, aliyezalishwa na kuachwa na kijana wa familia tajiri aitwaye Sternay. Mtoto wao, Jacques, anakua bila kumjua baba, anarithi mali ya rafiki aliyemhurumia mama yake, na anapendana na msichana ambaye, kwa bahati mbaya, ni mpwa wa Sternay. Familia inamkataa kwa sababu hana baba. Baadaye Jacques anajipatia sifa kubwa katika utumishi wa taifa, na hapo Sternay anaona faida ya kumtambua. Jacques anakataa. Anabaki na jina la mama yake. Mwishoni Sternay anaomba angalau amwite mwanangu wanapokuwa peke yao, na Jacques anamkubalia, huku yeye akimwita mjomba.

Hapana shaka Dumas baba aliuelewa mchezo huo. Mwaka uliofuata ulikuja mwingine, Un Père prodigue, kuhusu baba mfujaji ambaye mwanawe ndiye mwenye busara nyumbani. Wawili hao hawakugombana kwa hilo. Walipendana kwa namna ya ajabu, mzee akiwa ndiye mtoto na kijana akiwa ndiye mzazi.

Mwanamke aliyekuja kumwita mama kwa hiari yake, mbali na yule aliyemzaa, alikuwa mwandishi George Sand, na urafiki wao ulianza kwa kisa kisicho cha kawaida. Mwaka 1851 Dumas mwana alimfuata kabaila wa Kirusi, Lydia Nesselrode, hadi mpakani mwa himaya ya Urusi, akazuiwa kuvuka. Akiwa amekwama katika mji wa Mysłowice, alionyeshwa barua ambazo Sand alikuwa amemwandikia mwanamuziki Frédéric Chopin, na ambazo dada wa Chopin alikuwa ameziacha hapo alipokuwa akirudi Poland na moyo wa kaka yake. Dumas alihakikisha zinamrudia mwenyewe. Sand alizichoma moto.

Rafiki wa Lydia, mwanamke wa Kirusi aliyeitwa Nadezhda Naryshkina, ndiye aliyekuja kuwa mkewe. Na hapa maisha yalimrudisha alikotoka. Nadezhda alikuwa bado mke wa mtu. Novemba 20, 1860 alijifungua binti, Colette, ambaye aliandikishwa kwa jina la mama lililobuniwa. Mtu aliyekuwa amewahukumu akina Sternay mbele ya umati wa Gymnase alikuwa na mtoto wake mwenyewe asiye na jina halali. Alisubiri hadi mume wa Nadezhda alipofariki dunia mwaka 1864, na Desemba 31 ya mwaka huo walifunga ndoa na kumtambua mtoto. Binti wa pili, Jeannine, alizaliwa mwaka 1867 ndani ya ndoa. Jina lake ni lile la mama asiye na mume katika mchezo wa Les Idées de Madame Aubray, uliotoka miezi michache tu kabla, ambamo mjane mcha Mungu anamruhusu mwanawe kumwoa mwanamke aliyezalishwa na kuachwa.

Inasimuliwa kwamba katika miaka hiyo alijaribu kuwaozesha wazazi wake uzeeni. Mama yake, ambaye alikuwa ameishi peke yake kwa kazi ya mikono yake, alikataa. Alifariki dunia mwaka 1868. Dumas baba alifika nyumbani kwa mwanawe huko Puys, karibu na Dieppe, mwaka 1870 wakati majeshi ya Prussia yakiingia Ufaransa, akiwa mgonjwa na amefilisika. Alifia hapo Desemba 5.

Baada ya vita hiyo kalamu ya Dumas mwana ilibadilika, na si mara zote kwa wema. Mwaka 1872, kufuatia kesi ya mume aliyemuua mkewe kwa uzinzi, aliandika kijitabu cha L'Homme-femme kilichofikia hitimisho kwamba mke asiyerekebishika anaweza kuuawa na mumewe. Kilizua ghadhabu kubwa, na kwa haki. Mchezo wa La Femme de Claude wa mwaka 1873 uliendeleza wazo hilo hilo, na watazamaji hawakuupenda. Anayetaka kumfanya mtu huyu mtetezi safi wa wanawake atakwama hapa.

Lakini mwaka huo huo wa 1873 aliandika pia Monsieur Alphonse, kuhusu mwanamume anayemficha binti yake wa nje ya ndoa ili aoe mwanamke mwenye fedha. Mhusika huyo alichukiza kiasi kwamba jina la Alphonse lilibaki katika Kifaransa cha mitaani kwa maana ya mwanamume anayeishi kwa migongo ya wanawake. Januari 1874 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Académie française, baraza kuu la lugha na fasihi la Ufaransa, heshima ambayo baba yake hakuipata kamwe. Victor Hugo, ambaye hakuwa amehudhuria vikao tangu kabla ya kwenda uhamishoni, alifika kumpigia kura. Katika hotuba ya kupokelewa, Februari 11, 1875, Dumas mwana aliwaeleza wajumbe kwamba alifahamu ni jina la nani walilokuwa wakiliheshimu kupitia yeye.

Tangu hapo hakuridhika na jukwaa. Alichapisha kitabu kuhusu talaka mwaka 1880, wakati ambapo talaka ilikuwa imefutwa Ufaransa tangu mwaka 1816. Sheria ya kuirudisha ilitiwa saini Julai 27, 1884, siku aliyotimiza miaka 60. Mwaka 1880 pia aliandika kijitabu kuhusu wanawake wanaoua na wanawake wanaotaka kura. Kilichomsukuma ni kesi kama ya Marie Bière, aliyempiga risasi mwanamume aliyemzalisha na kumwacha, na ambaye baraza la mahakama lilimwachia huru. Hoja yake ilikuwa rahisi: sheria ikimnyima mwanamke njia ya kudai haki, asishangae mtu akiitafuta kwa bastola. Akaongeza kwamba wapewe kura. Wanawake wa Ufaransa walipewa haki hiyo mwaka 1944.

Mwaka 1883 alitoa kijitabu kilichobeba shauri la maisha yake yote, La Recherche de la paternité, akitaka marufuku ya mwaka 1804 iondolewe na mama apewe nafasi ya kumfikisha baba wa mtoto mahakamani. Bunge halikufanya lolote. Aliandika michezo mingine, Denise mwaka 1885 ikirudia hoja ile ile, na Francillon mwaka 1887. Mchezo wa mwisho hakuumaliza.

Nadezhda alifariki dunia Aprili 1895. Miezi miwili baadaye mzee huyo wa miaka 70 alimwoa Henriette Régnier, mwanamke aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Ndoa hiyo haikufikisha miezi sita. Novemba 27, 1895 alifariki dunia nyumbani kwake Marly-le-Roi.

Sheria aliyoidai ilipitishwa Novemba 16, 1912, miaka 17 baada ya kifo chake. Kwa mara ya kwanza tangu wakati wa Napoleon, mama wa Kifaransa angeweza kwenda mahakamani kuthibitisha baba wa mtoto wake, ingawa kwa masharti machache tu, kama kuwapo kwa maandishi ya baba, ulaghai wa ahadi ya ndoa, au wawili hao kujulikana kuwa walikaa pamoja. Usawa wa watoto wa ndani na nje ya ndoa ulisubiri hadi sheria ya mwaka 1972, na tofauti za mwisho katika urithi ziliondolewa Desemba 2001.

Novemba 30, 2002 mabaki ya Dumas baba yalihamishiwa katika Panthéon jijini Paris, wanakolazwa watu waliotukuka wa taifa hilo. Mwana alibaki katika makaburi ya Montmartre. Sanamu juu ya kaburi lake inamwonyesha amelala chali, miguu mitupu. Mwendo mfupi kutoka hapo, ndani ya makaburi hayo hayo, kuna kaburi jeupe ambalo wageni huliwekea maua. Jina la Marguerite Gautier halipo juu ya jiwe lake, wala la Marie Duplessis. Limeandikwa Alphonsine Plessis.